Stesheni ya Kima: Jina Lake, Watumishi Wake na Huduma Zake

Katika reli ya zamani itokayo Mombasa kwenda Nairobi, msafiri akiisha kuipita Sultan Hamud na kabla hajafika Konza, pana stesheni ndogo iitwayo Kima. Stesheni hiyo imo katika kaunti ya Makueni, si mbali na barabara kuu ya Mombasa, na mtu asiyezijua habari zake anaweza kuipita bila kugeuza shingo. Hata hivyo ni stesheni chache nchini Kenya ambazo majina yao husimuliwa kwa hamu kama hili. Mgeni akiuliza asili yake, huambiwa kwamba hapo ndipo simba alipoingia ndani ya behewa, akamtoa Mzungu na kumla, na kwamba mabaki ya marehemu yalionekana asubuhi yakiwa kama nyama iliyosagwa. Basi mahali hapo pakaitwa Kima. Masimulizi huishia hapo. Msikilizaji hutikisa kichwa, na suala la jina huhesabiwa kuwa limekwisha.

Makala haya yananuia kulifungua tena suala hilo. Kisa cha simba ni cha kweli, tena kimehifadhiwa kwa maandishi na watu walioishi wakati huo. Ufafanuzi wa jina ndio usio na mashiko. Aidha, kadiri kisa kinavyorudiwa, ndivyo wanavyosahaulika watu waliokuwa stesheni yenyewe: karani wa simu, mbadilisha njia, mwendesha mtambo wa maji. Haiwezekani kueleza historia ya stesheni ya kijijini pasipo kueleza kazi za watu hawa, kwa maana bila wao stesheni si chochote ila mabati na mbao.

Kuja kwa reli

Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896. Serikali ya Uingereza ilikusudia kuiunganisha pwani na Ziwa Viktoria, na kwa ajili hiyo iliwaleta vibarua na mafundi wapatao 32,000 kutoka Bara Hindi. Takribani 2,500 kati yao walifariki kwa maradhi, ajali na sababu nyinginezo. Reli ilifika mahali ambapo sasa ni Nairobi tarehe 30 Mei 1899, na Kisumu, uliokuwa ukiitwa Port Florence, tarehe 20 Desemba 1901. Kima iko kabla ya Nairobi, hivyo njia ilikuwa imekwisha kupita hapo kufikia Mei 1899, ingawa kupita kwake hakukuwa na maana ya kukamilika. Wajenzi walikuwa na haraka. Walilaza mataruma na vyuma, wakasonga mbele, na kazi ya kunyoosha njia na kuimarisha matuta wakawaachia waliofuata nyuma. Jambo hili dogo la kiufundi, yaani njia ambayo haijakaa sawa, litaonekana kuwa na uzito hapo baadaye.

Inafaa kukumbuka pia kwamba reli iliiacha kando Machakos, ambayo tangu mwishoni mwa miaka ya 1880 ilikuwa kituo kikuu cha Waingereza katika bara. Tangu hapo mizigo, barua na watawala vikaifuata njia ya chuma. Mahali ambapo hapakuwa na soko wala boma pakapata umuhimu kwa sababu moja tu: garimoshi lilisimama hapo. Kima ni mmojawapo wa watoto wa uamuzi huo.

Watumishi wa stesheni na simba wao

Habari nyingi za Kima ya mwaka 1900 zinatokana na kitabu cha John Henry Patterson, mhandisi aliyesimamia ujenzi wa daraja la Tsavo na kuwaua simba wawili wa huko mwezi Desemba 1898. Kitabu hicho, The Man-eaters of Tsavo, kilichapishwa mwaka 1907. Sura zake kuhusu Tsavo zinajulikana sana. Kurasa zinazoihusu Kima, ambayo Patterson huiandika "Kimaa", ni chache na husomwa harakaharaka kwa ajili ya kufikia kifo cha Mzungu. Zikisomwa polepole zinatoa, bila ya mwandishi wake kukusudia, orodha ya kazi za stesheni ndogo ya wakati ule. Patterson anasema kwamba simba wa Kima alikuwa amewazoea watumishi wa reli na hakuchagua: msimamizi wa stesheni, mtu wa ishara na mbadilisha njia wote kwake walikuwa sawa. Ni vyema basi kueleza kila mmoja wa hao alikuwa akifanya nini hata akawa karibu na meno ya simba.

Reli ya Uganda ilikuwa na njia moja tu. Garimoshi la kupanda bara na lile la kuteremka pwani yalitumia vyuma hivyohivyo, na pasipo mpango yangegongana. Stesheni ndogo ndizo zilizokuwa dawa ya hatari hiyo. Katika kila stesheni palikuwa na njia ya pembeni ambapo garimoshi moja lilijitenga na kungoja jingine lipite. Kwa hiyo, hata stesheni isiyo na abiria wala mzigo ilikuwa na kazi yake usiku na mchana. Wanakijiji huiona stesheni kuwa ni mahali pa kupandia garimoshi. Kwa mtu wa reli, stesheni kwanza ni mahali pa kupishana.

Msimamizi wa stesheni ndiye aliyekuwa na mamlaka ya kuliruhusu garimoshi kuondoka. Hakuweza kutoa ruhusa hiyo kwa kukisia. Ilimbidi aulize stesheni ya mbele kama njia i wazi, na swali hilo lilikwenda kwa simu ya waya, ile inayotuma maneno kwa kugongagonga. Karani wa simu alipokea jibu, na ndipo dereva alipopewa idhini ya kusonga. Karani huyu Patterson anamwita "babu" kwa matamshi ya Kihindi, jina walilopewa makarani wa Kihindi katika ofisi za Waingereza. Msomaji wa Kiswahili asidhani kwamba ni mzee aliyekuwa na wajukuu. Mara nyingi alikuwa kijana aliye mbali na kwao, amekaa chini ya paa la bati katikati ya nyika, na waya ule ndio uliokuwa jirani yake wa pekee.

Usiku mmoja simba alipanda juu ya paa hilo akajaribu kung'oa mabati. Karani alikuwa chini yake, mbele ya chombo chake. Hakuweza kukimbia, wala hakuwa na bunduki. Alichokuwa nacho ni simu, na kwa simu hiyo akampasha habari meneja wa usafiri kwamba simba anapigana na stesheni na kwamba msaada wahitajika upesi. Maneno hayo yamewachekesha wasomaji kwa zaidi ya miaka mia moja kutokana na Kiingereza chake. Lakini mtu akitafakari, karani huyo alisema sawasawa. Simba alikuwa akipigana na stesheni. Alijikata miguu kwenye mabati akaacha damu nyingi juu ya paa, na hakufaulu kuingia. Kwa upande wake, karani alibaki kazini hata ujumbe ukafika.

Mbadilisha njia na mtu wa ishara hawakuwa hata na paa hilo. Kazi ya wa kwanza ilikuwa kuvisogeza vyuma ili garimoshi lielekezwe kwenye njia kuu au njia ya pembeni. Kazi ya wa pili ilikuwa kumwonyesha dereva kama aje au asimame, kwa bendera mchana na kwa taa usiku. Vyuma vya kugeuzia njia havikai mlangoni pa ofisi. Viko mwanzoni na mwishoni mwa stesheni, mahali ambapo njia hugawanyika, na mfanyakazi hana budi kutembea hadi huko wakati wowote garimoshi linapokaribia. Mtu aliyetoka gizani peke yake, taa mkononi, akifuata reli hadi mwisho wa stesheni katika nyika ile, alikuwa akijipeleka mwenyewe.

Halafu kuna mwendesha mtambo wa kuvuta maji. Injini za mvuke zilikuwa na kiu isiyokwisha. Maji yaligeuzwa mvuke, mvuke ukasukuma magurudumu, kisha ukapotea hewani. Kwa hiyo tangi la injini lilihitaji kujazwa mara kwa mara njiani. Katika nchi kame kama ile iliyo kati ya Taru na Konza, maji yalikuwa na thamani kama mafuta. Palipopatikana chanzo chochote, mtambo uliwekwa kuyavuta na kuyapandisha katika tangi la stesheni. Huyu mwendesha mtambo, ambaye Patterson anasema alikuwa mwenyeji wa Afrika, alikamatwa na simba usiku mmoja na kuchukuliwa. Sentensi moja tu imetengwa kwa ajili yake. Jina lake halikuandikwa, wala kabila lake, wala kama palipatikana kitu cha kuzika. Baada yake wengine kadhaa walichukuliwa, na hao wamekusanywa pamoja bila kuhesabiwa.

Kisa cha tangi la maji kinastahili kutajwa pia. Dereva mmoja wa garimoshi aliamua kukesha ndani ya tangi la chuma, baada ya kutoboa tundu ubavuni la kupitishia mtutu wa bunduki. Simba alikuja, akalipindua tangi, kisha akaingiza mkono katika mlango mdogo wa juu akijaribu kumtoa mwindaji wake. Bahati nzuri tangi lilikuwa na kina kirefu kuliko mkono wa simba.

Usiku wa tarehe 6 Juni 1900

Msimamizi wa Polisi aliyeitwa Ryall alikuwa akisafiri kutoka Makindu kwenda Nairobi katika behewa lake la ukaguzi, pamoja na marafiki wawili, Huebner na Parenti. Walipofika Kima, ambayo Patterson anasema iko umbali wa maili 250 hivi kutoka Mombasa, yaani kilomita 400, waliambiwa kwamba simba mla watu alikuwa ameonekana karibu na stesheni muda mfupi uliopita. Wakakata shauri kulala hapo ili wamwinde. Behewa likafunguliwa kutoka kwenye garimoshi na kusukumwa njia ya pembeni. Njia hiyo, kwa kuwa haikuwa imekamilika, ilikuwa imeinama upande mmoja, na behewa likainama nayo.

Walizunguka mchana wasione kitu. Baada ya chakula cha usiku walikaa wakitazama nje, na kwa muda waliona nuru mbili ndogo zilizotulia ambazo walidhani ni vimulimuli. Baadaye ilidhihirika kwamba yalikuwa macho ya simba. Ryall akawashauri wenzake walale, yeye akashika zamu ya kwanza. Huebner alilala kitanda cha juu na Parenti sakafuni. Hatimaye Ryall naye akajinyoosha kwenye kitanda cha chini, na bila shaka usingizi ukamshinda.

Mlango wa behewa ulikuwa wa kuteleza, na haukuwa umefungwa. Simba alipoingia, uzito wake ulizidisha mwinamo wa behewa, na mlango ukateleza wenyewe ukajifunga. Hivyo watu watatu wakafungiwa ndani ya chumba kimoja na simba. Mnyama alisimama juu ya Parenti ili amfikie Ryall. Huebner aliruka kutoka juu akatua mgongoni mwa simba, akaukimbilia mlango wa chumba cha watumishi, akaukuta umeshikwa kwa vilemba na watumishi waliojaa hofu upande wa pili. Akajipenyeza kwa shida, na mlango ukafungwa tena nyuma yake. Mara simba alivunja dirisha akatoka na Ryall. Parenti akaruka kwa dirisha la upande mwingine akakimbilia jengo la stesheni. Asubuhi mabaki ya Ryall yalipatikana kichakani umbali wa robo maili, yakapelekwa Nairobi kuzikwa. Simba alinaswa kwa mtego baadaye kidogo, akawekwa hadharani siku kadhaa watu wamwone, kisha akapigwa risasi.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Je, jina la mahali limetokana na hayo?

Maana tatu na ya nne

Mwanafunzi wa Kiswahili anapolikabili neno "kima" anakutana na mfano mzuri wa homonimia. Kuna kima mnyama, yule wa jamii ya tumbili mwenye mkia mrefu. Neno hili ni la Kibantu. Kuna kima kwa maana ya thamani au kiasi, kama katika "kima cha chini cha mshahara", ambalo asili yake ni Kiarabu. Kuna pia kima kwa maana ya nyama iliyosagwa au kukatwakatwa, ile inayotiwa ndani ya sambusa, neno lililotufikia kutoka lugha za Bara Hindi. Maneno haya matatu hayana ujamaa wowote. Yamekutana tu katika sauti, kama wasafiri katika chumba cha kungojea.

Masimulizi ya Ryall yameshika maana ya tatu, nayo yana dosari zisizopungua mbili. Ya kwanza ni ya wakati. Patterson anapoeleza simba alivyopanda juu ya paa, alivyomchukua mwendesha mtambo na alivyolipindua tangi, anasema wazi kwamba hayo yalitangulia kifo cha Ryall, na tangu mwanzo anaiita stesheni kwa jina lake. Mtu anaweza kujibu kwamba kitabu kilitoka miaka saba baada ya tukio, na mwandishi aliweza kutumia jina jipya kwa habari za kale. Jibu hilo lina uzito kiasi. Lakini Patterson alimfahamu Ryall, na aliwahi kula naye chakula cha jioni katika behewa lilelile. Ni vigumu kuamini kwamba mwandishi apendaye visa kiasi hicho angejua kuwa mahali pamepewa jina kutokana na mwili wa rafiki yake, kisha akanyamaza.

Dosari ya pili ni ya matumizi ya lugha. Kima ni kazi ya kisu na mashine. Mswahili akiona mabaki ya aliyeliwa na mnyama hasemi kwamba ameona kima. Atasema amekuta mabaki, au mifupa. Ulinganisho huo unafaa mzaha wa mezani, na yamkini ndiko ulikozaliwa. Kama pangekuwa na mahali katika reli hii panapostahili kuitwa Kima kwa sababu ya nyama, basi ni Athi River, ambako kiwanda cha nyama cha Liebig kilifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1930, na ambako tangu 1950 pamekuwa na Tume ya Nyama ya Kenya.

Ufafanuzi ulio karibu zaidi unapatikana katika lugha ya wenyeji. Kima imo Ukambani. Katika Kikamba, kilima huitwa "kiima". Uhusiano wa maneno haya mawili ni wa kindugu wala si wa kukopa, kwani yote mawili yamerithiwa kutoka Kibantu cha kale. Tofauti yao inafuata utaratibu unaoeleweka: mahali ambapo Kiswahili kina sauti /l/ katikati ya irabu, Kikamba mara nyingi kimeiacha. "Kulima" kwa Kikamba ni "kuima", na mkulima ni "muimi". "Kulia" kwa machozi ni "kuia". Kwa utaratibu huohuo kilima ni kiima. Karani asiyeijua lugha, akisikia neno hilo lenye irabu ndefu, angeweza kuandika Kima kwa urahisi kabisa. Patterson alihisi kwamba kuna irabu inayovutwa mahali fulani, ila akaiweka mwishoni badala ya mwanzoni. Au pengine tahajia yake ni bahati tu, na haifai kuitegemea mno.

Ramani ya kisasa inatoa ushahidi zaidi. Katika eneo bunge la Kilome, kaunti hiyohiyo ya Makueni, kuna wadi ya Kiima Kiu/Kalanzoni. Kiima Kiu maana yake ni kilima cheusi. Na katika reli ileile, upande wa kuelekea Nairobi, pamekuwa na stesheni iitwayo Kiu. Mswahili akilisoma jina hilo peke yake hukumbuka maji, na kwa kuwa nchi ni kame, kisa cha msafara ulioangamia kwa kiu kingetungwa kwa dakika chache. Hakikutungwa, au hakikuenea, kwa sababu hapakuwa na simba wa kukipa nguvu. Kima na Kiu yanapowekwa pamoja na kusomwa kwa Kikamba, yanaanza kusikika kama vipande vya mandhari iliyokuwa na majina yake kabla ya mpimaji wa reli kufika.

Hili haliko Kima pekee. Majina ya stesheni za njia hii yametoka katika visima mbalimbali. Maji ya Chumvi ni Kiswahili kitupu na kinaeleza kilichomkuta msafiri mwenye kiu. Mackinnon Road imemkumbuka William Mackinnon, mwenye kampuni ya Kiingereza iliyotangulia serikali ya kikoloni. Sultan Hamud, jirani wa Kima, imechukua jina la Sultani Hamud bin Mohammed wa Unguja, aliyetawala kuanzia 1896 hadi 1902. Wakubwa walipewa stesheni, na mahali pasipo mkubwa paliachiwa jina la wenyeji, hata kama tahajia iliharibika. Kima ilikuwa ya kundi hili la mwisho, hadi masimulizi yalipoihamisha na kuifanya nayo ni ya mkubwa.

Wanaisimu huyaita masimulizi ya aina hii etimolojia ya kiraia. Si uongo wa makusudi. Ni akili ya msemaji inayokataa jina lisilo na maana, ikalitafutia maana katika lugha anayoijua. Mtu anayezungumza Kiswahili hapati "kilima" ndani ya "Kima", lakini anapata nyama. Na kisa kipo tayari. Dhara lake ni lile linalofichwa. Jina la Kikamba likisomwa kama mzaha wa Kiswahili, Wakamba hutoweka katika historia ya mahali pao, na pamoja nao hutoweka yule mwendesha mtambo.

Huduma na kupungua kwake

Baada ya miaka ya simba, historia ya stesheni ndogo kama Kima ni historia ya huduma za kawaida. Usimamizi wa reli ulibadilika jina mara nyingi: Reli ya Uganda ikawa Reli ya Kenya na Uganda, ikafuatiwa mwaka 1948 na Reli na Bandari za Afrika Mashariki, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Kenya ikaunda Shirika la Reli lake mwaka uliofuata. Kwa mwanakijiji wa reli hii, mabadiliko hayo yalionekana zaidi katika herufi zilizoandikwa mabehewani. Stesheni ya aina hii ilipokea barua na vifurushi, ikauza tiketi, hasa za daraja la tatu, ambalo wakati wa ukoloni ndilo lililokuwa la Mwafrika, na ikatoa saa. Huduma hii ya mwisho haitajwi sana. Katika kijiji kisicho na saa, mlio wa garimoshi ulimwambia mama wakati wa kuinjika chungu, na mtoto wakati wa kwenda shule.

Kuanzia mwaka 1955 injini kubwa za Garratt za daraja la 59 zilianza kuvuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi. Zilikuwa 34, ziliundwa Manchester, kila moja ikiwa na uzito wa tani 252 hivi, na hapakuwa na injini za mvuke kubwa kuliko hizo katika reli zote za upana wa mita moja duniani. Zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, kama vile Mount Gelai na Mount Shengena. Hapa ajali ya lugha inapendeza: mlima wa chuma ulipita mara kwa mara mbele ya kilima kilichosahauliwa maana yake.

Injini za dizeli zilipochukua nafasi ya mvuke, ambayo iliacha kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1980, tangi la maji halikuhitajika tena. Garimoshi likaweza kupita stesheni nyingi pasipo haja ya kusimama. Ile kazi iliyomgharimu mtu maisha yake ikafutika bila sherehe. Barabara kuu ya Mombasa ikawachukua abiria wa safari fupi kwa matatu na mabasi, na wenye mizigo wakahamia kwenye malori. Mwaka 2006 uendeshaji wa reli ulikodishwa kwa kampuni ya Rift Valley Railways, mkataba uliovunjwa mwaka 2017. Katika miaka hiyo ya mwisho garimoshi la abiria la usiku lilipita Ukambani gizani, na kwa wasafiri wengi Kima ilikuwa usingizi tu.

Garimoshi hilo liliacha kusafiri mwezi Aprili 2017. Tarehe 31 Mei mwaka huohuo reli mpya ya upana wa kisasa ilizinduliwa, na safari ya Mombasa hadi Nairobi, ambayo kwa njia ya zamani ilizidi saa 12, ikawa ya saa tano hivi. Reli mpya haina haja ya stesheni nyingi ndogo. Ishara zake huendeshwa kutoka mbali, na kupishana kwa magarimoshi hakumhitaji mtu mwenye taa mkononi. Kwa garimoshi la abiria linalosimama njiani zilitengwa stesheni za Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Miasenyi na Mariakani. Kima haimo. Machakos iliachwa kando na reli ya kwanza, na sasa vijiji vilivyozaliwa na reli hiyo vimeachwa kando na ya pili. Mkaazi wa Kima atakaye kulipanda garimoshi hana budi kwenda Emali kwa matatu.

Behewa la ukaguzi alimolala Ryall, lenye nambari 12, limehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Reli jijini Nairobi. Wanafunzi wanaolizuru huonyeshwa dirisha na kusimuliwa kisa, na kisa kikifika mwisho huelezwa kwamba ndiyo sababu mahali hapo pakaitwa Kima.